Rekodi za ukanda wa madini: msimu ambao Minziro alirudishiwa timu

Ligi Kuu ya 2021/22 ilipofungwa mwishoni mwa Juni, msimamo kwa juu ulisomeka hivi: Yanga, Simba, Azam, Geita Gold. Majina matatu ya kwanza yalikuwa pale yanapokaa kila mwaka. La nne lilikuwa la timu ya halmashauri ya mji, inayopigia mechi zake kwenye uwanja uliomo ndani ya eneo la sekondari ya wasichana ya Nyankumbu, na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza kabisa Ligi Kuu. Mwaka huohuo Yanga ilitwaa ubingwa bila kupoteza hata mchezo mmoja, pointi 74 katika mechi 30, na magazeti yakajaa habari zake. Ni haki yao. Lakini kwa mtu wa kanda ya ziwa, stori kubwa ya mwaka ilikuwa Geita.

Nimekusanya hapa rekodi za mpira wa Geita na Shinyanga katika miaka kumi na kidogo hivi, zile za kujivunia na zile za kuumiza. Naanza na msimu huo kwa sababu nyingine nyingi zinauzunguka.

Nafasi ya juu kuliko zote

Katika zama hizi za Ligi Kuu, ukanda wa madini umetoa timu tatu: Stand United ya Shinyanga mjini, Mwadui iliyozaliwa na mgodi wa almasi kule Kishapu, na Geita Gold. Stand na Mwadui hazikuwahi kufika ya nne. Geita imefika, tena kwa kuruka. Msimu wa 2020/21 ilikuwa Ligi Daraja la Kwanza, ikapanda pamoja na Mbeya Kwanza, na msimu uleule Mwadui ikashuka. Almasi ilitoka, dhahabu ikaingia, na ukanda haukukosa mwakilishi.

Nafasi ya nne ilileta tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwenye Kombe la FA nako, Geita iliibana Yanga ileile isiyofungika mpaka robo fainali ikaamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Yanga ilipita. Simba ilipokwenda Kirumba, Mwanza, kucheza na Geita mwezi Mei, iliondoka na sare ya 1-1. Timu iliyotoka daraja la chini miezi michache kabla ilikuwa inawatoa jasho wakubwa wote wawili.

Kocha aliyepandisha timu nyingi, akakaa nazo kidogo

Hapa ndipo pa kutulia, maana ndiyo rekodi ninayoiheshimu kuliko zote.

Fred Felix Minziro, "Majeshi", ni beki wa zamani wa Yanga. Akiwa kocha alijijengea jina la mtu wa kupandisha timu. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 mkononi mwake. Ilipofika kule juu, benchi akapewa Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyekuwa na mataji ya Yanga. Mwaka 2018 Minziro akaipandisha KMC ya Kinondoni. Ilipofika kule juu, benchi akapewa Etienne Ndayiragije, Mrundi. Mwaka 2021 akaipandisha Geita Gold. Ilipofika kule juu, benchi akapewa, kwa mara nyingine, Ndayiragije.

Timu tatu ndani ya miaka mitano, na mara tatu mtu huyohuyo anabeba mzigo mlima mzima, kisha kileleni anaambiwa apumzike. Sijui kocha mwingine nchini aliyefanyiwa hivyo mara tatu mfululizo.

Ndayiragije hakuwa kocha wa kubahatisha, na hilo lisemwe wazi. KMC aliyoichukua kwa Minziro aliifikisha nafasi ya nne msimu wa 2018/19 na kuipeleka Kombe la Shirikisho. Alipita Azam, akapewa Taifa Stars na kuifikisha fainali za CHAN zilizochezwa Cameroon Januari 2021. Kwa karatasi, uongozi wa Geita ulikuwa umeokota lulu: kocha wa taifa wa juzi tu, anakuja kufundisha timu ngeni ya mkoani.

Karatasi haikucheza. Geita ilianza ligi kwa kuchechemea, ikifungwa na kutafuta miguu yake, na kabla mwaka 2021 haujaisha klabu ikaachana na Ndayiragije. Timu akapewa Minziro. Kilichofuata ndicho nilichokieleza hapo juu.

Somo la kiufundi hapa si gumu. Daraja la kwanza ni ligi ya safari ndefu, viwanja vigumu na mishahara ya kusubiri. Kocha aliyevuka nayo anajua nani anakimbia dakika ya 85 akiwa hajalipwa, nani anajificha mechi ya ugenini, nani ukimfokea anakufa na nani ukimfokea anaamka. Kocha mgeni anahitaji miezi kuyajua hayo, na Ligi Kuu ya mechi 30 haimpi mtu miezi. Timu ikipoteza tano za mwanzo, viongozi wa klabu wanaanza kuangaliana. Minziro alirudi akiwa hana cha kujifunza kuhusu wachezaji wake wa zamani. Alichobakiza ni kuwapanga.

Mtu anaweza kusema KMC ni ushahidi wa upande wa pili, kwamba mgeni naye anaweza. Kweli, na nafasi zenyewe zinalingana: ya nne kwa Ndayiragije kule Kinondoni, ya nne kwa Minziro kule Geita. Nami nasema hivi: mpaka Geita walipomrudisha, hakuna klabu iliyokuwa imempa Minziro nafasi ya kumaliza Ligi Kuu na timu aliyoipandisha mwenyewe. Alipopewa mara moja tu, alimaliza wa nne.

Mfungaji bora aliyetoka nje ya Kariakoo

Kabla ya 2022, kiatu cha mfungaji bora kilikuwa kimekaa Simba kwa miaka minne: Emmanuel Okwi mabao 20, Meddie Kagere 23 kisha 22, John Bocco 16. Msimu wa 2021/22 mbio zilikuwa za wawili. Upande mmoja Fiston Mayele wa Yanga, ambaye mtindo wake wa kushangilia uliigwa na watoto wa nchi nzima. Upande wa pili George Mpole wa Geita Gold.

Mbio zile zilifika mpaka raundi ya mwisho. Kwenye vibanda umiza vya kanda ya ziwa watu walikuwa na macho mawili ya kazi mbili: jicho moja kwenye runinga, jingine kwenye simu kuona upande wa pili kumetokea nini. Mpole akamaliza na mabao 17, Mayele 16.

Kumi na saba si rekodi ya ligi. Ile ya Mohamed Hussein "Mmachinga", mabao 26 mwaka 1999 akiwa Yanga, bado iko mbali. Ila lipime bao la Mpole kwa mizani yake. Mshambuliaji wa Yanga au Simba anapata nafasi nyingi za kufunga kwa sababu timu yake inakaa na mpira karibu mechi nzima. Mshambuliaji wa timu ngeni anasubiri nafasi yake, anapewa moja au mbili kwa mchezo, akikosa hapati nyingine. Mabao 17 kwa njia hiyo, ndani ya msimu wa kwanza wa klabu, ni kazi ambayo sijaona mfano wake tangu hapo.

Mwezi Juni mwaka huohuo, Taifa Stars ilikwenda Cotonou, Benin, kucheza na Niger kufuzu AFCON. Mchezo uliisha 1-1, na bao la Tanzania lilikuwa la Mpole, mapema kabisa mchezo ulipoanza. Baadaye akahamia Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi, kutoka ukanda wa dhahabu kwenda ukanda wa shaba.

Nusu msimu yenye faida kubwa, kwa mwingine

Baada ya msimu ule, Geita ilimsajili Saido Ntibazonkiza, Mrundi aliyekuwa ametoka Yanga. Wapo waliodhani miguu yake imechoka. Aliamka Geita, na dirisha dogo lilipofunguliwa Simba wakamchukua. Akiwa Simba alifunga mabao matano katika mchezo mmoja dhidi ya Polisi Tanzania, Juni 2023, na kumaliza msimu na mabao 17, sawa na Mayele, wakagawana kiatu.

Hesabu ya mabao 17 ya Saido inajumlisha na yale aliyoyafunga akiwa na jezi ya Geita. Kwa hiyo misimu miwili mfululizo, 2022 na 2023, jina la mfungaji bora lilipita Nyankumbu. Hakuna klabu nyingine ya mkoani inayoweza kusema hivyo kwa miaka hii, na sijaona Geita wakitangaza jambo hili kwa sauti inayostahili.

Bao moja ghali kuliko yote

Septemba 2022, Kombe la Shirikisho, hatua ya awali: Geita Gold na Hilal Alsahil ya Sudan. Ugenini Geita walifungwa 1-0. Mechi ya marudiano ilichezwa Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka Geita, kwa kuwa uwanja wa nyumbani haukuwa wa kupokea mechi za CAF. Geita wakashinda 2-1. Jumla 2-2.

Ulaya walikuwa wameshaifuta kanuni ya bao la ugenini mwaka mmoja kabla. Afrika ilikuwa bado inaitumia. Bao lile moja la Wasudan likahesabika zaidi ya mawili ya Geita, na safari ikaishia hapo. Timu ilishinda mchezo wake wa mwisho wa kimataifa na bado ikatolewa. Inaniuma hadi leo kwamba mashabiki waliobeba timu ile tangu daraja la chini hawakuiona ikicheza mchezo wa Afrika mjini kwao. Mkoa unaochimba dhahabu kiasi kile ungestahili uwanja wa kupokea wageni.

Ushindi mkubwa, na aibu kubwa

Huu nao ni rekodi, na kuuficha ni kuwadanganya vijana.

Februari 2016, Ligi Daraja la Kwanza, Kundi C, siku ya mwisho. Nafasi ya kupanda ni moja, na hesabu imefika kwenye tofauti ya mabao. Geita Gold ya wakati ule inacheza na JKT Kanembwa. Polisi Tabora inacheza na JKT Oljoro. Geita inashinda 8-0. Polisi Tabora inashinda 7-0. Chukua dakika tisini ugawe kwa nane: bao moja kila baada ya dakika kumi na moja hivi, mchezo mzima, dhidi ya timu iliyokuwa imecheza ligi ileile mwaka mzima. Ukihamia uwanja wa pili, mambo ni hayohayo.

TFF ilichunguza, na kamati yake ya nidhamu ikazikuta timu zote nne na hatia ya kupanga matokeo. Zilishushwa, na waliohusika wakafungiwa. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa timu iliyokuwa nyuma yao kwenye msimamo: Mbao FC ya Mwanza.

Na hapa mambo yanazunguka. Kocha wa Mbao msimu wa 2016/17 alikuwa nani? Etienne Ndayiragije, wakati huo hajulikani sana Tanzania. Kwa kikosi cha bei rahisi aliitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la FA pale Kirumba, na kufika fainali Dodoma, Mei 27, 2017, ambako Simba ilihitaji muda wa nyongeza kushinda 2-1. Jina lake lilijengwa na nafasi iliyotokana na dhambi ya Geita. Miaka minne baadaye Geita wakamfuata wakamwajiri. Mpira wetu una kumbukumbu ndefu kuliko za viongozi wake.

Kwa Geita, kutoka kwenye shimo lile la 2016 mpaka nafasi ya nne 2022 ni miaka sita. Nikiulizwa klabu iliyojisafisha kwa kasi zaidi, nitaitaja hiyo.

Uwanja uliowaumiza wakubwa: Kambarage, 2019

Mwaka mmoja wa kalenda, uwanja mmoja, vigogo wawili.

Januari 19, 2019, Yanga ya Mwinyi Zahera inafika Shinyanga ikiwa haijapoteza mchezo wowote wa ligi. Stand United inashinda 1-0, bao la Jacob Massawe katika dakika za jioni. Oktoba 30, 2019, msimu mpya, Simba inafika palepale Kambarage ikiwa imeshinda mechi zake zote. Mwadui inashinda 1-0, kichwa cha Gerald Mathias Mdamu.

Vipigo vya kwanza vya msimu kwa Yanga na kwa Simba, vyote vimetolewa Shinyanga, na timu mbili tofauti. Mwadui ni timu ya mgodi uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, uliotoa almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947. Stand ni timu iliyoanzishwa na vijana wa stendi ya mabasi, ndiyo maana inaitwa Chama la Wana. Asili haziko sawa hata kidogo, ila siku hizo mbili zilifanya kazi ileile.

Stand ndio wanaoshika pia rekodi ya mchezo wa kupoteza unaokumbukwa kuliko wa kushinda: Septemba 2018, Dar es Salaam, walifungwa na Yanga 4-3, mabao yote matatu ya Stand yakiwa ya Alex Kitenge. Mtu anafunga matatu ugenini kwa Yanga na anarudi nyumbani bila pointi. Msimu huohuo, pamoja na Kitenge, pamoja na kuwaangusha Yanga Kambarage, Stand walishuka daraja.

Mkataba mnono, ugomvi mkubwa

Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliingia udhamini na Stand United. Klabu ya vijana wa stendi ikawa na fedha za kumwajiri Patrick Liewig, Mfaransa aliyewahi kuifundisha Simba. Haikuchukua muda Stand ikagawanyika: upande wa wanachama na upande wa kampuni, kila mmoja ukidai timu ni yake. Mwaka 2016 Acacia ikajitoa. Sina mengi ya kuongeza hapo, ila timu ilidumu misimu mitatu mingine bila mgodi, na hiyo ni sifa kwa wachezaji na kwa mashabiki wa Shinyanga.

Aliyekaa muda mrefu

Mwadui: misimu sita mfululizo, kuanzia 2015/16 hadi 2020/21. Stand mitano. Geita mitatu. Mwadui ilipandishwa na Jamhuri Kihwelo "Julio", beki wa zamani wa Simba, na yeye hawakumwondoa. Alianza nayo Ligi Kuu, akaiweka mahali salama, akaondoka mwenyewe Oktoba 2016 akilalamikia waamuzi. Ukitafuta sababu za misimu ile sita, weka hiyo miongoni mwao.

Geita, kinyume chake, ilibadilika upesi baada ya Minziro kuondoka. Msimu wa 2023/24 ulianza na Hemed Suleiman "Morocco" na kuisha na Denis Kitambi. Siku ya mwisho, Mei 2024, Azam walikuja Nyankumbu wakihitaji ushindi ili washike nafasi ya pili. Wakashinda 2-0. Geita ikashuka pamoja na Mtibwa Sugar. Miaka miwili tangu nafasi ya nne.

Mchujo wa ndugu

Mara mbili Geita imekutana na Shinyanga kwenye mchujo wa kuwania Ligi Kuu. Mara ya kwanza Juni 2019: Mwadui ilikuwa inajinusuru, Geita inataka kupanda. Mwadui ikabaki. Mara ya pili mwaka 2025: Stand United imemaliza ya tatu kwenye Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, Geita Gold ya nne, na kanuni zikawakutanisha. Stand wakapita.

Kwa hiyo hadi 2025 Geita ilikuwa imepanda mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa ya moja kwa moja, bila mchujo, ikiwa na Minziro. Mara zote mbili walizokutana kwenye mchujo, Shinyanga iliifungia njia. Stand nao, baada ya kuwatoa majirani zao, walikutana na Fountain Gate iliyokuwa inapigania kubaki Ligi Kuu. Fountain Gate ikashinda, na msimu wa 2025/26 ukaanza bila timu yoyote ya Shinyanga wala Geita kwenye Ligi Kuu.